ORESKABAND: albamu tulivu, jukwaani moto wa kuotea mbali. Au ni masikio yangu?

Sikio_Pevu:
Wakuu, salaam. Kuna bendi ya Kijapani ya ska (ule muziki wa kuchezeka wenye asili ya Jamaika) inaitwa ORESKABAND, wote ni mabinti, watokao Sakai mkoani Osaka. Walianza 2003 wakiwa bado watoto wa shule. Nadhani wengi mliwasikia kama nilivyowasikia mimi, katuni ya Naruto ikiisha unapigwa "Pinocchio", au "Tsumasaki" kwenye katuni ya Bleach. Nikaisaka albamu yao ya WAO!! ya 2007, nikaisikiliza hadi nikajua kila mahali tarumbeta linapoingia.

Juzi nimeangalia video zao za jukwaani. Sauti mbovu, kamera inayumba, watu wanapiga kelele, na bado nikajikuta nimesimama. Kurudi kwenye albamu, ikawa kama mtu ananisimulia sherehe aliyoalikwa yeye peke yake. Wimbo uleule, wapigaji walewale! Studio imewapoza, au macho yanayadanganya masikio?

TromboniKuukuu:
Mkuu, napuliza tromboni mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo nina upendeleo.

Kwenye ska gitaa haliangukii kwenye pigo. Linachomeka kati ya pigo na pigo, mkono ukipanda: cha, cha, cha, fupi kama mtu anayekukatiza maneno. Jukwaani mkono ukipata moto ile "cha" inawahi kidogo, dramu anaifukuzia, na mwendo unapanda bila yeyote kuamua. Studio kwa kawaida mnavaa vipokea sauti, kipima mwendo kinagonga masikioni. Ukiwahi, unarudia.

Halafu wapulizaji. Hawa wako watatu: tarumbeta, tromboni, saksafoni. Studio watatu wanaweza kurekodi mara mbili, mkawasikia sita. Jukwaani wanabaki watatu, tena wanacheza na kuruka. Jaribu kuruka huku unapuliza noti ndefu uone itaishia wapi. Mimi huwa nawasubiri hapohapo, pumzi inapokatika na mwenzake anaibeba noti.

Fanya hivi: weka ile video, funika skrini, usikilize tu. Kisha uje useme.

Besi_Kwanza:
Napinga kidogo. Kwenye hizo video za watazamaji besi iko wapi? Maikrofoni ya kamera ndogo inafinya kila kitu, unabaki na matoazi na mayowe. Ska bila besi ni nyumba bila sakafu. Tomi, mpiga gitaa la besi wao, anatembea na nyuzi zake wimbo mzima, na ni albamu tu inayokuonyesha anakopita. Usiilaumu kwa kuwa safi.

Tena kumbukeni 2008 walizunguka Marekani na Warped Tour, msafara wa matamasha ya bendi nyingi. Kule bendi inapewa kama nusu saa, mchana kweupe, mbele ya watu waliofuata punk, yaani roki ya kasi na kelele, na wasiojua neno la Kijapani. Lazima upige kama unazima moto. Hiyo ni kazi ya jukwaa, na ya studio ni nyingine.

(Pembeni: "ore" ya kwenye jina lao ni "mimi" ya kiume kwa Kijapani, ya kibabe kidogo. Wasichana kujiita hivyo ni utani mtamu, na sisi wenye "mimi" moja ya wote unatupita.)

Sikio_Pevu:
Nimerudi. Nilifunika skrini kwa daftari. Besi_Kwanza, nakupa haki yako: bila picha, nyimbo mbili za mwanzo albamu imeshinda wazi, na besi kwenye video sikuisikia hata kwa dawa.

Wimbo wa tatu ndipo niliponaswa. Kwenye rekodi sauti ya iCas, mwimbaji wao, iko mbele, imekaa, kila neno limefika. Kwenye video anapiga gitaa na kuimba kwa pamoja, pumzi inamwishia kabla mstari haujaisha, anauachia, na wenzake wanaumalizia kwa kupayuka. Niliurudisha mara nne. Sikuwa naona chochote, ila nilijua kabisa anacheka.

TromboniKuukuu, ile noti inayobebwa nimeisikia pia. Sasa naomba: kuna mwenye onyesho lao lililorekodiwa kitaalamu, besi ikiwemo? Daftari ninalo bado.