Naombeni ushauri: mashine ya kukatia majani, kiwanja kiko Luchelele, kina mawe na mteremko

Ng'wana Luchelele
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa mawazo kwa wenye uzoefu. Nimehamia kwangu huku Luchelele, kiwanja ni mita 35 kwa 40, mbele na pembeni nimepanda paspalum (majani ya bustani), nyuma kumejiotea ukoka. Masika haya majani yanakimbia balaa, kijana anayekuja na fyekeo akifika mwisho kule alikoanzia kumeshajaa tena, afu fyekeo haliachi usawa, bustani inabaki mabaka mabaka. Nataka mashine, bajeti laki 7, inaweza kupanda kidogo. Nimezunguka madukani mjini huyu anasema chukua ya umeme, yule ya petroli ya kusukuma, mwingine ananiambia kwa kiwanja hicho niagize ya kukalia kutoka Dar. Kuna mawe, si mnaijua Mwanza yetu, mawili marefu kunizidi na mengine yamechungulia tu ardhini, na nyuma kuna mteremko kushuka upande wa ziwa. Nichukue ipi?

sangara_mkubwa
Ya kukalia achana nayo kabisa mkuu. Chini ya nusu ekari, yaani kama mita za mraba 2,000, haina kazi, na kwenye mawe hata kugeuka utashindwa.

Mama Kiseke
Mimi natumia ya umeme, wati 1,400, naipenda kwasababu haina kelele na haitaki petroli wala oili. Nikikata saa nzima inakula uniti kama moja na nusu za LUKU, ni kidogo. Ila bustani yangu ni ndogo na tambarare. Waya ndio unachosha, na ekstensheni nyembamba inachemka, mimi nilinunua waya mnene wa milimita za mraba 2.5. Na majani yakiwa na maji usiguse, subiri yakauke. Kwa eneo lako kaka yangu naona utahangaika na waya kuzunguka hayo mawe.

fundi_rockcity
Mkuu mimi natengeneza hizi mashine, naomba nikuulize kabla hujatoa hela, umepima majani au umepima kiwanja? Maana watu wengi wanaenda dukani na ukubwa wa kiwanja, muuzaji akisikia mita 1,400 anakuuzia mzigo mkubwa. Toa nyumba, toa pevingi na sehemu ya gari, toa banda, toa bustani ya mboga, toa hayo mawe. Kinachobaki ndio unachonunulia mashine. Na kigawe mara mbili, tambarare peke yake, mteremko na mawe peke yake.

Hesabu ya upana iko hivi. Mashine ya inchi 18 inakata sentimita 46, ila lazima mstari ukanyage mstari kidogo usiache ndevu, kwahiyo chukulia 40. Ukitembea taratibu kilomita 3 kwa saa hapo ni mita za mraba 1,200, lakini kuna kugeuka, kumwaga mfuko, kuzunguka miti, igawe kwa mbili, 600 kwa saa. Hizi ndogo za umeme za sentimita 32 ukifanya hesabu hiyohiyo unapata kama 400.

Sasa mawe. Kwenye hizi za kusukuma kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na injini. Ukigonga jiwe lililojificha, ukiwa na bahati inakatika kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachoshika gurudumu la injini kwenye kranki, inabadilishwa maisha yanaendelea. Ukikosa bahati kranki inapinda, mashine inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, na hapo bei ya kutengeneza inakaribia mashine nyingine. Mashine nyingi za hapa Mwanza zinazoletwa kwangu zimeuawa na jiwe, injini ilikuwa bado nzima kabisa. Kwahiyo yale yaliyochungulia ama yachimbue ama yazungushie kitanda cha maua, mashine isipite kabisa juu yake.

Ng'wana Luchelele
Wabeja sana fundi. Nimepima leo asubuhi na mke wangu, tambarare ni kama 600, nyuma kwenye mteremko na mawe kama 300. Na huko nyuma nitumie nini?

fundi_rockcity
Safi. Mbele chukua ya petroli ya kusukuma inchi 18, injini ya stroku nne, saa moja umemaliza. Nyuma tumia mashine ya kufyekea ya begani yenye kamba ya nailoni, ile ikigusa jiwe inakatika kamba tu. Vaa miwani na viatu vigumu na watoto wakae mbali mita 15, inarusha kokoto vibaya sana. Hela isipotosha zote mbili anza na ya kusukuma, nyuma kijana aendelee na fyekeo kwa sasa.

Ya begani nyingi ni stroku mbili, petroli unachanganya na oili, kuna za 25 kwa 1 (mililita 40 kwa lita) na za 50 kwa 1 (mililita 20), fuata kitabu chake. Ile stroku nne usichanganye, oili ina sehemu yake, na ikiwa mpya mwaga oili ya kwanza baada ya masaa kama matano.

Nyegezi Kona
Naongezea, urefu. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Paspalum ukiinyoa mpaka chini ikifika kiangazi cha Juni mpaka Agosti inaungua inageuka njano. Masika kata kila wiki, kiangazi mara chache.
Na mteremko wako unafika karibu na maji? Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisiwe na shughuli za kudumu. Mimea ya pale iache, ndio inayoshika udongo. Na majani uliyokata usimwage ziwani ndugu yangu, yanaozea mule yanarutubisha magugu maji, yatupie kwenye migomba.

Ng'wana Luchelele
Hapana mkuu, niko juu kabisa, mbali na maji. Migomba ipo, nitafanya hivyo. Jumamosi naenda mjini kuchukua ya inchi 18.

Mama Kiseke
Waambie waiwashe hapohapo dukani, na uulize kisu na filta ya hewa kama wanavyo, usije ukasubiri spea kutoka Kariakoo majani yakiwa magotini.