Leseni ya jimbo na ombi la uraia: swali kutoka Aurora

Kutoka: mwanajumuiya, Aurora, Colorado

Ndugu wanajumuiya,

Baada ya salamu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limetugawa hapa nyumbani. Mume wangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu, na mwakani, Mungu akipenda, atatimiza muda wa kuomba uraia. Ghala moja linalosambaza bangi madukani linamtaka akafanye kazi ya kuhesabu na kupakia mizigo, kwa mshahara unaozidi ule anaoupata sasa katika kiwanda cha nyama. Yeye mwenyewe hata sigara havuti. Mwenye ghala amemwonyesha leseni ya jimbo, analipa kodi kama mwajiri mwingine yeyote, na bangi ni halali hapa tangu wananchi walipoipigia kura mwaka 2012. Mimi moyo unasita, ila hoja ya kumpa sina. Je, kazi iliyo halali kwa sheria ya jimbo inaweza kumharibia ombi la uraia?

Wasalaam.

Kutoka: mwanajumuiya, Denver, Colorado

Dada yangu,

Inaweza, na shemeji asitie saini popote kabla hajaonana na wakili wa masuala ya uhamiaji. Mimi si wakili. Nimekuwa mkalimani katika ofisi zao kwa muda mrefu, na jambo hili nimelitafsiri mara nyingi kuliko ninavyopenda, aghalabu kwa watu waliokuja wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Leseni aliyoonyeshwa ni ya kweli, na hicho ndicho kinachowatatiza wengi, kwa kuwa wanatafuta mahali walipodanganywa na hawapaoni. Katika nchi hii mtu huishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja, ya jimbo na ya shirikisho, na kila moja ina bunge lake, mahakama zake, askari wake na magereza yake. Colorado ilipohalalisha bangi iliondoa adhabu zake yenyewe. Zile zilizowekwa na Bunge la Marekani katika sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1970 haikuziondoa, wala haikuwa na uwezo huo, kwa sababu Ibara ya 6 ya katiba inasema kwamba sheria ya shirikisho iliyotungwa kwa mujibu wa katiba hiyo ndiyo kuu, hata pale sheria ya jimbo inaposema kinyume. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich. Wanawake wawili wa California walikuwa wakitumia bangi kama dawa, kwa ushauri wa madaktari na kwa ruhusa ya jimbo lao, na mmoja wao alikuwa akiilima nyumbani kwake. Majaji sita kati ya tisa waliamua kwamba hata mmea huo ambao hauuzwi popote uko ndani ya mamlaka ya Bunge ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Ikiwa mmea wa nyumbani haukusalimika, ghala lenye malori litasalimikaje?

Utauliza, basi mbona maduka yako wazi mchana kweupe, na polisi wanapita mbele yake bila hata kugeuza shingo? Ni kwa sababu polisi wale ni wa mji na wa jimbo, na Washington haiwezi kuwaamuru. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka wakuu wa polisi wa maeneo wachunguze wanunuzi wa bunduki, na wawili kati yao, Jay Printz wa Montana na Richard Mack wa Arizona, wakaipinga mahakamani. Mwaka 1997 majaji watano dhidi ya wanne walikubaliana nao: serikali ya shirikisho inaweza kutunga sheria na kuitekeleza kwa askari wake, lakini haiwezi kuwageuza watumishi wa jimbo kuwa watumishi wake. Kwa hiyo biashara ya bangi inaendelea kwa sababu serikali moja imeiruhusu na nyingine haina askari wa kutosha, wala haijaamua, kuifunga. Ukimya wa namna hiyo hauwezi kuwasilishwa kama utetezi siku ya usaili.

Na usaili wa uraia ni jambo la shirikisho peke yake. Afisa atakayekaa mbele ya shemeji hasomi sheria za Colorado. Anatakiwa kujiridhisha kwamba mwombaji amekuwa na mwenendo mwema kwa miaka mitano, au mitatu kwa anayeomba kupitia ndoa na raia, na mwongozo uliotolewa na idara ya uraia na uhamiaji mwezi Aprili 2019 unaeleza waziwazi kwamba kuvunja sheria ya shirikisho kuhusu bangi kunaweza kumzuia mwombaji, hata kama kitendo hicho si kosa katika jimbo analoishi. Kufanya kazi katika biashara hiyo kumo. Mwaka huohuo, hapahapa Denver, wahamiaji wawili walieleza hadharani jinsi kazi zao katika biashara halali za bangi zilivyowakwamisha, na meya wa wakati huo, Michael Hancock, akamwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani kulalamika. Tambua pia kwamba Colorado huwataka wafanyakazi wa biashara hizo wawe na leseni zao binafsi. Jina la shemeji litakuwa kwenye daftari la serikali, naye ndiye atakayekuwa ameliandikisha kwa hiari yake.

Nakumbuka uliwahi kutuambia kwamba ulikulia Unguja, kwa hiyo mgawanyo wa aina hii si mgeni kwako. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, yameorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar halina la kusema juu yake. Tofauti ni kwamba kule polisi nao ni wa Muungano, ilhali hapa sivyo, na tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa haya yote.

Kuna mjadala wa kuishusha bangi daraja katika sheria ya shirikisho. Kushushwa daraja si kuhalalishwa, na asije mtu akakujengea matumaini juu ya hilo.

Kutoka: mwanajumuiya, Columbus, Ohio

Kaka wa Denver, ahsante kwa maelezo, lakini yananiacha na manung'uniko. Sisi tuliotoka Kenya tulipigania ugatuzi tukiamini kwamba serikali iliyo karibu na mwananchi ndiyo inayomlinda. Tulipata kaunti 47, na bado Ibara ya 192 inampa Rais njia ya kuisimamisha serikali ya kaunti. Hapa tunaambiwa kwamba jimbo haliwezi kusimamishwa na mtu, kwamba Marekebisho ya 10 ya katiba yanaliachia kila mamlaka ambayo katiba haikuipa Washington wala haikuyakataza majimbo kuwa nayo, na hata hivyo ruhusa yake haimsaidii mhamiaji hata kidogo. Nguvu hiyo ya jimbo ina faida gani kwetu?

Kutoka: mwanajumuiya, Denver, Colorado

Ina faida, ila hujui itakuangukia upande gani. Tangu mwaka 2014 Colorado inatoa leseni ya udereva hata kwa asiye na hati za uhamiaji, na hakuna wa kuikataza, kwa kuwa leseni ni mamlaka ya jimbo. Lakini leseni hiyo ina maandishi yanayosema kwamba haifai kuwa kitambulisho kwa shughuli za shirikisho, na tangu tarehe 7 Mei 2025, sheria ya vitambulisho ya mwaka 2005 ilipoanza kutekelezwa kwenye viwanja vya ndege, haikidhi masharti ya ukaguzi wa abiria.

Tusisahau kwamba jimbo nalo limewahi kuwa ndilo linalotuonea, au tuseme linalowaonea waliotutangulia. Zile haki za kwanza zilizoongezwa kwenye katiba mwaka 1791 ziliibana serikali ya shirikisho tu, na Mahakama ya Juu ilisema hivyo bila kumung'unya maneno mwaka 1833. Ni Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yaliyokuja kuyabana majimbo, na yanamlinda "mtu yeyote", si raia tu. Mwaka 1886 mwenye dobi Mchina wa San Francisco, katika kesi ya Yick Wo, alishinda kwa maneno hayo baada ya mji kuwanyima Wachina vibali na kuwapa wengine. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Texas ilizuiwa kuwafungia shule za umma watoto wasio na hati. Kwa haki hizo aliyetukinga ni katiba ya shirikisho, na aliyezuiwa ni jimbo.

Halafu kuna jozi ya kesi ambayo nadhani kila mwenye kadi ya ukaazi angepaswa kuijua. Arizona iliwataka wageni wawe wameishi nchini miaka 15 kabla ya kupata msaada fulani, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikalifuta sharti hilo. Mwaka 1976 mahakama hiyohiyo iliulizwa kuhusu sharti la ukaazi wa kudumu na miaka mitano lililowekwa na Bunge kwa bima ya afya ya wazee, ikaliacha lisimame. Ubaguzi ule ambao jimbo limekatazwa, Washington inaruhusiwa, kwa sababu mambo ya wageni ni ya Washington. Mimi binafsi naona hoja hiyo imenyooka kisheria na imepinda kwa haki, lakini ndiyo inayotawala.

Kutoka: mwanajumuiya, Silver Spring, Maryland

Naomba kuongeza jambo moja, kwa kuwa nimeona likiwaumiza watu wenye nia njema. Jirani yetu Takoma Park, tangu miaka ya 1990, inawaruhusu wakaazi wasio raia kupiga kura katika uchaguzi wa mji. Ruhusa hiyo ni halali kabisa, na inaishia kwenye uchaguzi huo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inafanya kuwa kosa kwa asiye raia kupiga kura ya Rais au ya Bunge la Marekani, na anayefanya hivyo anaweza kufukuzwa nchini. Mtego uko kwenye dirisha la leseni ya udereva, ambako karani hukuuliza, pengine akiwa na haraka, kama ungependa kuandikishwa kupiga kura. Sema hapana, na usiweke alama kwenye kisanduku cha "raia", hata kama karani atakuambia kwamba haina shida. Karani ni wa jimbo. Atakayesoma fomu hiyo baadaye si wa jimbo.

Kutoka: mwanajumuiya, Aurora, Colorado

Nawashukuru nyote. Mume wangu amesoma, naye anauliza: akifanya miezi michache tu na kuacha kabla ya kuomba, je, kuna atakayejua?

Kutoka: mwanajumuiya, Denver, Colorado

Atajua, kwa sababu shemeji mwenyewe ndiye atakayemwambia. Fomu ya kuomba uraia inataka kazi zote za miaka mitano iliyopita, na ina swali linalouliza kama mwombaji amewahi kutengeneza, kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa, naye hulijibu akiwa chini ya kiapo. Akijibu ndiyo, ametoa ushahidi. Akijibu hapana, amesema uongo, na uongo kwenye fomu hiyo unaweza kumvua uraia hata baada ya kuupata. Kama kuna ndugu mwingine humu ambaye tayari anafanya kazi ya namna hiyo, asisafiri kwenda nyumbani kabla ya kuonana na wakili, kwa kuwa maswali hayohayo anaweza kuulizwa akirudi uwanja wa ndege, na pale jibu lake linaweza kumgharimu ile kadi yenyewe.