Naomba ushauri: simulizi ya Peter Pond niianzie wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa simulizi ya sauti kuhusu Peter Pond, mzaliwa wa Milford, Connecticut, na nimekwama. Mwaka 1756, akiwa na miaka 16, aliingia jeshi la koloni, akapigana na Wafaransa mpaka Montreal ilipoanguka 1760. Baadaye akageukia biashara ya ngozi za manyoya. Mwaka 1778 yeye na watu wake walibeba mitumbwi na mizigo mabegani karibu kilomita 20 kuvuka Methye, njia ya nchi kavu kati ya mito, wakaingia Athabasca, eneo la kaskazini-magharibi mwa Kanada ya leo. Ngozi za biva (mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito) alizopata huko zilizidi uwezo wa mitumbwi; nyingine alizificha akazifuata msimu uliofuata.

Hapo nasimulia kwa raha zangu. Kazi ni kwenye damu: Waddens alipigwa risasi 1782, Ross akauawa 1787, wote wapinzani wake kibiashara, na lawama zikamwangukia Pond. Hakuwahi kutiwa hatiani. Je, nianze na mauaji, au nimwache msikilizaji ampende kwanza? (Binafsi naona hiyo ya pili ni kama kumtega.) Na Wachipewyan, wenyeji wa huko waliomletea ngozi, kisha wakafagiliwa na ndui 1781 na 1782, niwape sehemu yao peke yao?

Mwenye uzoefu anisaidie.