Naomba ushauri: matembezi ya Dar es Salaam nikiwa peke yangu

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni dada mkazi wa Ujiji, Kigoma, na natarajia kusafiri peke yangu hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kuliona jiji tu, bila shughuli nyingine.

Jambo ninalolitamani zaidi ni historia. Nimekulia karibu na mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, hivyo nataka sana kuifuata njia ile ya misafara iliyotoka kwetu, ikapita Tabora na kuishia pwani, hadi Bagamoyo, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Je, Bagamoyo na magofu ya Kaole yanatosha kwa siku moja ya kwenda na kurudi, au ni busara kulala huko?

Mjini kwenyewe nimepanga kutembelea Makumbusho ya Taifa, sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na soko la samaki la Feri, kisha nivuke kwa pantoni kwenda Kigamboni. Kwa kuwa ningependa kutumia mabasi ya mwendokasi, ni afadhali nipange chumba Kariakoo au Magomeni, hasa kwa mwanamke asiye na mwenyeji, ambaye huenda akarudi baada ya magharibi? Vilevile, kwenda kisiwa cha Bongoyo peke yangu ni salama, au nitafute kundi la kuungana nalo?