Binti anataka kuchora katuni, mimi nilishaanza kumwita daktari

Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia). Juzi kanionyesha daftari: kauchora utoto wake wote wa Tandale kwa picha. Mafuriko, bibi yake akikaanga vitumbua, na mimi nikimfokea kwa kuchorachora kwenye daftari la hesabu. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Anataka kwenda TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Mama yake hataki hata kusikia. Najua Gado, yule mchora katuni Mtanzania, aliacha kusomea usanifu majengo, mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation, ila Gado ni mmoja.

Wenye watoto wachoraji, wanaishije? Nimwache aende, au asome kwanza udaktari huku akichora? Dirisha la maombi ya vyuo linakaribia kufungwa.