Marubani na rasimu ya mkataba wa hali bora: wasaini au waikatae?

Unyanyembe_Angani: Wakuu, salaam kutoka Tabora. Marubani wa kampuni moja ya ndege ndogo, vijana wetu wamo, wanapiga kura wiki hii. Rasimu, yaani makubaliano ya chama chao na mwajiri, ni ya miaka minne: mshahara wa msingi unapanda asilimia 3 kwa mwaka, posho ya saa ya kuruka inatoka 20,000 kwenda 28,000. Wengi wameshaipenda posho. Mnashaurije?

Mwanga_Kigoma: Posho ndiyo chambo, mkuu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Posho haimo. Rubani wa saa 60 anaongezewa 480,000 kwa mwezi. Ndege ikilala karakana akaruka saa 15, ni 120,000 tu. Wadai saa 50 zilipwe hata ndege isiporuka. Tena waulize saa inaanza kuhesabiwa lini, injini ikiwaka au rubani akiripoti? Mvua ikizuia kutua Mahale, mtu anakaa uwanjani Kigoma saa tatu, yuko kazini na halipwi. Hiyo asilimia 3 nayo inafukuzana na bei tu: mfumuko wa 2024 ulikuwa wastani wa 3.1.

Kaliua_Jn: Mimi naogopa hiyo miaka minne. Ukishasaini, hugomi kwa jambo ambalo mkataba umelipanga. Kabla ya hapo njia ya kugoma ipo: mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 zikipita bila suluhu wanapiga kura, kisha wanampa mwajiri notisi ya saa 48. Kwenye huduma muhimu, ambako mgomo hauruhusiwi, sheria imetaja uongozaji wa ndege, si urubani. Waombe miaka miwili, au mshahara ufunguliwe upya mwaka wa pili.

Ujiji_Mjini: Kukataa kunalipa ukiwa na nguvu. Marubani wa United Airlines walikataa rasimu mwaka 2022 kwa asilimia 94, na 2023 wakapata nyongeza ya hadi asilimia 40 kwa miaka minne. Lakini Marekani wakati ule mashirika yaligombania marubani. Hawa wajihesabu kwanza. Na deni la mafunzo, lile rubani analodaiwa akiacha kazi mapema, lipungue kila mwezi. Lisibaki zima hadi siku ya mwisho.

Unyanyembe_Angani: Asanteni sana. Asiye mwanachama naye anabanwa?

Kaliua_Jn: Ndiyo, kama chama kinatambuliwa kuwasemea wote wa kada hiyo. Hata aliyesusia kura.