Naomba ushauri: nibaki na Mto Nyando au nihamie Ziwa Nakuru?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kisumu, mwaka wa pili wa uzamili. Nachunguza wadudu wa majini wanaoonyesha hali ya Mto Nyando, na kazi hii naipenda kwa moyo wote. Kule juu, upande wa Nandi, ukigeuza jiwe unakuta wadudu wenye mikia mitatu wameng'ang'ania chini yake, dalili ya maji safi. Ukishuka Ahero, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na kwenye tope unapata vibuu vyekundu tu.

Sasa msimamizi wangu amehamia ng'ambo. Miezi mitatu hajibu barua pepe. Chupa arobaini za sampuli za masika zimekaa chini ya kitanda changu ndani ya spiriti, na spiriti yenyewe inazidi kupungua.

Mhadhiri mwingine atanichukua nikibadilisha mada: mwani wa Ziwa Nakuru, ambako maji yamepanda tangu mwaka 2010 hivi, magadi yakapungua na heroe wengi wakahama. Ni mada nzuri, lakini nitaanza upya, na karo ni mama anayelipa kwa kuuza omena.

Kuna aliyewahi kubadilisha msimamizi akabaki na mada yake? Alianzia ofisi gani? Na sampuli hizi nizitunzeje?